Vyuo vya ubunifu vimsikilize msomaji wa Kiswahili

Neno "sanifu" hufanya kazi mbili katika lugha yetu, na aghalabu hatulitambui jambo hilo kwa kuwa zote mbili tumezizoea. Tunasema "Kiswahili sanifu" tukimaanisha lugha iliyopangwa na kuwekewa kaida. Na papo hapo tunamwita "msanifu" yule achoraye ramani ya nyumba kabla mwashi hajachimba msingi. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako humaanisha kupanga vitu kwa aina zake na pia kutunga kitabu. Ukiliamini neno hilo, basi, apangaye maneno na apangaye umbo la kitu ni watu wa ukoo mmoja.

Katika vyuo vikuu vyetu ndugu hawa hawajuani. Wanaosomea lugha wana idara yao, wanaosomea ubunifu wa michoro na mawasiliano wana idara yao, na pande hizo mbili hukutana siku ya mahafali tu, kila mmoja akiwa amevaa joho lake. Sisi wa isimu twahesabu mofimu na kuchora matawi ya sentensi bila kuuliza sentensi hiyo itaonekanaje ikichapishwa. Wenzetu wa ubunifu hupanga herufi, rangi na picha kwa ustadi mkubwa, lakini lugha iliyomo ndani ya herufi hizo huichukulia kama mchanga unaomwagwa katika kalibu iliyokwisha kutengenezwa.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba utengano huo una gharama, na wanaoilipa si wahadhiri wala wanafunzi. Wanaoilipa ni wagonjwa, wapiga kura, wazazi na watoto wa shule. Mafunzo na utafiti wa ubunifu katika vyuo vyetu havina budi kuanza na msomaji wa Kiswahili: anasomaje, anakwama wapi, na anaelewa nini.

Huenda msomaji akauliza taaluma hii ni ipi hasa. Ni ile ya kupanga maandishi, picha, rangi na nafasi ili ujumbe umfikie mtu. Jalada la kitabu cha shule ni kazi yake. Vivyo hivyo fomu ya kuomba kitambulisho, bango la barabarani, kibandiko cha dawa, karatasi ya kura, na hata maneno yanayojitokeza kwenye kioo cha simu mama muuza mboga anapopokea malipo yake. Siku haipiti bila ya kila mmoja wetu kuongozwa, au kupotoshwa, na kazi ya mtu wa taaluma hii.

Wala si taaluma ngeni kwetu. Shule ya sanaa ya Makerere, yenye mizizi katika madarasa aliyoyaanzisha Margaret Trowell katika miaka ya 1930, ililea vizazi vya wasanii wa Afrika Mashariki. Nairobi nayo, wakati chuo chake kikuu kingali kikiitwa University College Nairobi, ilimpata Selby Mvusi, msanii na mwanafikra kutoka Afrika Kusini. Yeye na Derek Morgan walifundisha ubunifu kwa kuuhusisha na maisha ya Mwafrika aliyekuwa akiingia katika enzi ya viwanda. Mvusi alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1967, kabla hajatimiza umri wa miaka 40. Siku hizi ubunifu unafundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, Maseno, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya na kwingineko. Wanafunzi wapo, walimu wapo, na tarakilishi zipo.

Lakini tarakilishi hizo zilifika zikiwa zimekwisha kufunzwa Kiingereza, na vitabu vya kufundishia vilitoka huko huko. Kanuni za upana wa safu, ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari zilitokana na macho yaliyozoea lugha nyingine. Hebu tuitazame sentensi moja ya kawaida: "Wanafunzi hawakuandika majina yao katika karatasi." Ina maneno 6. Ukiitafsiri kwa Kiingereza itahitaji maneno 10. Maneno yetu ni machache lakini ni marefu, kwa sababu kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati, ukanushi na mtendwa katika neno moja. Hilo "hawakuandika" peke yake lina herufi 12. Sasa mweke mwanafunzi wa ubunifu apange sentensi kama hizo katika safu nyembamba ya gazeti kwa kanuni alizopewa, uone mashimo meupe yatakavyotapakaa katikati ya mistari.

Katika sentensi hiyo hiyo zipo herufi 44, na 14 kati ya hizo ni "a". Takriban thuluthi nzima ni herufi moja! Kwa mtoto anayeanza kusoma, umbo la "a" si jambo dogo. Zipo sura za herufi ambazo "a" yake ni duara lenye mkia mfupi tu, na likichapishwa kwa wino hafifu kwenye karatasi duni hugeuka "o". Hapo "taa" huwa "toa", na "paa" huwa "poa". Isitoshe, silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu. Neno "nyumba" hukatwa "nyu-mba", lakini programu iliyowekewa kaida za kigeni huweza kulikata "nyum-ba" mwishoni mwa mstari, na mwalimu wa darasa la pili akabaki akijiuliza nani atamsaidia kuifuta silabi hiyo vichwani mwa watoto.

Haya ni maswali ya utafiti, tena ya utafiti mzuri. Ni sura ipi ya herufi inayomfaa mtoto anayesoma Kiswahili? Safu iwe na upana gani? Mstari ukatwe wapi? Mwanaisimu anaweza kuyauliza maswali hayo, lakini hawezi kuchora herufi. Mbunifu anaweza kuichora herufi, lakini hajafunzwa kuuliza.

Nimewahi kualikwa katika chuo kimoja kutazama kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mabango yalikuwa maridadi. Lililonivutia zaidi lilihusu malaria. Mchoro wa mbu ulikuwa wa kutisha kweli kweli. Maneno makubwa yalikuwa ya Kiingereza, na chini yake, kwa herufi za kusomwa kwa miwani, palikuwa na tafsiri ya Kiswahili iliyobanwa hadi ikaingia ukingoni. Nilimwuliza kijana aliyelichora bango hilo limekusudiwa kuangikwa wapi. Akajibu, "Katika zahanati za mashambani, mwalimu." Nikamwuliza kama amelionyesha kwa mtu yeyote aliyewahi kuketi katika zahanati kama hiyo. Alinitazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa swali lisilokuwamo katika mtihani. Sikumlaumu, halikuwamo. Alama zake zilitolewa kwa mpangilio, rangi na usafi wa kazi. Msomaji hakuwa na alama hata moja.

Tubakie hapo hapo zahanati. Mgonjwa anaandikiwa dawa ya kumeza kila baada ya muda wa saa nane. Kwenye bahasha pakiandikwa "kila saa nane", Kiswahili kinatoa maana mbili. Ya kwanza ni hiyo aliyoikusudia daktari. Ya pili ni kwamba dawa imezwe kila inapofika saa nane, yaani baada ya adhuhuri, mara moja tu kwa siku, au mara mbili kwa yule atakayeamka usiku. Kosa hili haliwezi kutokea katika Kiingereza, kwa kuwa linatokana na jinsi sisi tunavyohesabu saa tangu jua lichomozapo na jinsi neno "saa" linavyotaja kipindi na wakati kwa pamoja. Au chukua ile "1 x 3" inayoandikwa kwenye bahasha nyingi za dawa. Mfamasia anamaanisha kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Lakini alama hiyo shuleni tuliisoma "mara", na moja mara tatu ni tatu. Mtu anayevimeza vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja hajakosa hesabu. Ameisoma alama kama alivyofundishwa.

Je, tiba yake ni nini? Kuna atakayependekeza picha: jua linalochomoza, jua la utosini, na mwezi. Huenda ni sawa, na huenda si sawa, kwa maana picha nayo ni lugha inayohitaji kusomwa. Jambo hili lilikwisha kuonekana zamani. Otto Neurath na mkewe Marie, ambao pamoja na wenzao waliunda huko Vienna mfumo wa alama za picha uitwao Isotype, waliamini kwamba picha inaweza kuvuka mipaka ya lugha. Otto alifariki mwaka 1945. Marie aliendelea, na katika miaka ya 1950 serikali ya Jimbo la Magharibi la Nigeria ikamwomba asaidie kutengeneza vijitabu vya kuwaeleza raia habari za elimu, afya na kilimo. Hakuzituma tu zile alama za Ulaya. Alisafiri hadi huko kujionea, na alama zikachorwa upya ili nyumba, mavazi na mazao yawe ya mahali pale. Kumbukumbu za kazi hiyo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, chuo ambacho Michael Twyman alikijengea idara nzima ya kuchunguza maandishi ya chapa, zikiwamo fomu, tiketi na ratiba, vitu ambavyo wasomi wengi huviona kuwa takataka.

Kama dawa haijamshawishi msomaji, labda kura itamshawishi. Katika kaunti ya Palm Beach, jimbo la Florida nchini Marekani, karatasi ya kura ya mwaka 2000 iliyapanga majina ya wagombea urais katika kurasa mbili zinazotazamana, na vitundu vya kutoboa vikawekwa katikati. Al Gore alikuwa wa pili kwenye ukurasa wa kushoto, lakini kitundu chake kilikuwa cha tatu. Kitundu cha pili kilikuwa cha Pat Buchanan, aliyeandikwa upande wa kulia. Buchanan alipata kura 3,407 katika kaunti hiyo, naye mwenyewe akasema hadharani kwamba nyingi huenda hazikuwa zake. George W. Bush alitangazwa mshindi wa jimbo zima kwa tofauti ya kura 537, na ushindi huo ndio uliompa urais. Hapakuwa na hila. Afisa wa uchaguzi alitaka tu kuyakuza maandishi ili wazee wayaone. Nia njema isiyojaribiwa kwa wasomaji ilizaa balaa.

La kutia moyo ni kilichofuata. Huko Chicago, Marcia Lausen, profesa wa ubunifu katika University of Illinois at Chicago, pamoja na wenzake na wanafunzi, walikaa na maafisa wa uchaguzi wa Cook County wakaichambua karatasi ya kura na kuipanga upya. Kazi hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 2007. Hapo chuo kilifanya kazi ya chuo.

Kwetu, tangu mwaka 2013, mpiga kura hupewa karatasi sita katika uchaguzi mkuu: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike wa kaunti na mwakilishi wa wadi, kila moja kwa rangi yake na sanduku lake. Katika uchaguzi huo wa 2013, kura za urais zilizokataliwa zilikuwa 108,975, na hoja ya kama zihesabiwe katika kukokotoa asilimia ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Juu. Mawakili walibishana, majaji wakaamua. Kura hukataliwa kwa sababu nyingi, na mpangilio wa karatasi ni mojawapo tu. Lakini hiyo moja ndiyo inayoweza kupimwa katika ukumbi wa chuo, kwa karatasi za majaribio, kalamu na watu mia moja waliojitolea, miaka miwili kabla ya uchaguzi badala ya wiki mbili baada yake.

Mbona basi utafiti wa namna hii ni adimu? Sababu mojawapo ni mkanganyiko kuhusu maana ya utafiti wenyewe. Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, alitofautisha aina tatu: utafiti kuhusu ubunifu, utafiti kwa njia ya ubunifu, na utafiti kwa ajili ya ubunifu. Wa kwanza ni historia na nadharia. Wa pili ni ule ambao kutengeneza kitu, kukijaribu na kukitengeneza tena ndiyo njia ya kupata maarifa. Wa tatu ni ukusanyaji wa vifaa na fikira ambazo hatimaye zinaishia ndani ya kitu chenyewe. Vyuo vyetu huuelewa wa kwanza, kwa kuwa unafanana na tasnifu za idara nyingine. Wa pili hauna pa kukaa.

Mambo yalizidi kukaza mwaka 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa vigezo vilivyotaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu. Mimi ni mmoja wa walionufaika na heshima ya shahada hiyo, na siidharau. Lakini katika taaluma ya ubunifu kigezo hicho humsukuma mchapaji hodari wa miaka ishirini aandike kurasa mia tatu kuhusu historia ya mabango, ilhali angeweza kutumia miaka hiyo hiyo kutengeneza bahasha ya dawa, kuijaribu katika zahanati kumi, na kuandika kwa uaminifu ni wapi ilishindwa. Ukiniuliza ni ipi kati ya kazi hizo mbili inayoongeza maarifa, sitasita kujibu. Tasnifu ya aina ya pili inahitaji kanuni kali, la sivyo kila mwenye bango zuri atadai udaktari. Kanuni hizo ndizo zinazopaswa kuandikwa na maseneti ya vyuo vyetu.

Huenda pakawa na wasemao kwamba soko linataka Kiingereza, na kwamba kijana aliyefunzwa kupanga Kiswahili atakufa njaa. Sioni msingi wa hofu hiyo. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kwa hivyo kila fomu na kila ilani ya serikali ina wajibu wa kusomeka kwa lugha zote mbili. Wafanyabiashara nao hawakungoja katiba. Kampuni inayouza sabuni au muda wa maongezi hujua ni lugha gani inayofungua mkoba wa mnunuzi.

Tena hatuanzii sufuri. Serikali ya India ilipotaka kujenga elimu ya ubunifu baada ya uhuru, iliwaalika Charles na Ray Eames kutoka Marekani. Katika ripoti yao ya mwaka 1958 walisifu chombo kimoja cha kawaida kabisa, lota, kile chungu cha maji cha Wahindi, kama mfano wa ubunifu uliokamilika. Mwaka 1961 taasisi ya kitaifa ya ubunifu ikaanzishwa Ahmedabad, na wanafunzi wake hadi leo hupelekwa kwa mafundi wa mashambani kuandika jinsi kazi zao zinavyofanywa.

Sisi lota yetu ni kanga. Pindo huzunguka pande zote nne, mji hukaa katikati, na jina huandikwa chini ya mji, mahali ambapo litasomwa na yule aliye nyuma. Hapo maandishi na mchoro vimepewa kazi moja, na mnunuzi hulisoma jina kabla hajauliza bei. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, maarufu kwa "Mali ya Abdulla", limo katika biashara hiyo tangu mwaka 1887. Kabla ya hapo na baada yake, waandishi wa pwani walioandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu walikuta kwamba herufi walizorithi hazitoshi kwa sauti kama "p", "ch", "v" na "g", wakaongeza nukta na alama hadi lugha yao ikaenea. Hao walikuwa wabunifu wa maandishi, na tatizo lililowaanzishia kazi lilikuwa la isimu.

Ninayoyapendekeza hayahitaji jengo jipya. Kwanza, kila mwanafunzi wa ubunifu asome muhula mmoja wa sarufi ya Kiswahili kwa jicho la mpangaji wa herufi, na kila mwanafunzi wa isimu asome muhula mmoja wa uchapaji. Pili, kazi yoyote ya mwaka wa mwisho isipewe alama kabla haijasomwa na watu wasiopungua ishirini wa aina iliyokusudiwa, na matokeo yaandikwe, yawe matamu au machungu. Tatu, kila idara ianze ghala la karatasi za kawaida: bahasha za dawa, fomu za hospitali, ilani za machifu, kanga, tiketi za matatu, karatasi za mfano za kura. Mtafiti wa kesho atayahitaji, na leo tunayafungia njugu.

Nne, matokeo ya utafiti huo yaandikwe kwa Kiswahili. Mfamasia wa Kitui au mchapaji wa Barabara ya River hana nafasi katika majarida ya ng'ambo, lakini atalisoma jambo linalomhusu likiandikwa kwa lugha anayoitumia kazini.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kinachotafutwa hapa kipo kwenye benchi la zahanati, mkononi mwa bibi anayeigeuza bahasha ya dawa upande huu na upande huu akitafuta wa kumsomea. Mhadhiri na mwanafunzi wake waketi karibu naye, wamwamkie, kisha wamwombe awaonyeshe neno lililomkwamisha.